Injini Imekufa na Hakuna Anayejua Sababu: Hatua za Kufuata Kabla Hujatoa Pesa

Gari lilikuwa linakwenda vizuri, ghafla likazima na halikuwaka tena. Fundi mmoja amekwambia injini imenoki, tafuta nyingine. Mwingine anahisi ni pampu ya mafuta. Wa tatu ametaja bei kabla hajafungua boneti. Kila jibu linadai pesa, na hakuna hata moja lililoeleza injini imekufa kwa nini.

Msimamo wangu ni huu: usinunue injini wala usiruhusu ovahoo (kufungua injini yote na kuijenga upya) mpaka chanzo kiwe kimeandikwa kwenye karatasi. Kukitafuta kunagharimu, ndiyo. Lakini injini ya pili itafungwa kwenye gari lilelile, lenye rejeta ileile, nozeli (vipuliza mafuta) zilezile na mabomba yaleyale. Kama kilichoua ya kwanza kimo humo, kitaua na ya pili, na safari hiyo utakuwa umelipa mara mbili.

Hatua ya 1: Likizima, liache limezima

Taa nyekundu ya oili si ya kukukumbusha uongeze oili ukifika nyumbani. Inasema presha ya oili imeanguka na vyuma vinakaribia kusagana vikavu. Zima papo hapo, hata kama unakokwenda ni karibu. Sindano ya joto ikiingia kwenye nyekundu, zima vilevile, na usifungue kifuniko cha rejeta hadi injini ipoe kabisa. Maji yaliyobanwa kwa presha hayachemki hata yakipita nyuzi 100, lakini ukilegeza kifuniko yanachemka yote kwa mkupuo na kukurukia usoni.

Injini ikizima ukiwa mwendoni, usukani utakuwa mzito, na breki zitabaki na akiba ya kukanyaga mara chache tu. Kanyaga mara moja kwa nguvu, usipigepige. Ufunguo usiuchomoe gari likiwa bado linabingirika, usije ukafunga usukani.

Kama ulipita kwenye dimbwi au mafuriko, stata usiiguse. Maji hayagandamiziki kama hewa. Pistoni ikipanda na kukuta maji juu yake, kitakachopinda ni konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki (mhimili mkuu wa injini). Injini nyingi zilizozama zingepona kwa kutoa plagi, kumwaga maji na kubadili oili. Zinauawa na ile "hebu jaribu tena" ya watu waliosimama kando ya barabara.

Gari la otomatiki libebwe juu ya gari jingine, au angalau magurudumu yanayolisukuma yainuliwe. Ukilikokota hivihivi utaongeza giaboksi kwenye gharama zako.

Hatua ya 2: Andika ulichokiona kabla hujasimuliwa na wengine

Ukishasikiliza mafundi watatu, utaanza kukumbuka wanachokwambia badala ya kilichotokea. Kwa hiyo andika mapema: taa ipi iliwaka na ilitangulia kipi, mlio uliousikia na ulitokea juu au chini, moshi wa rangi gani, harufu, mwendo uliokuwa nao, kilomita zilizo kwenye dashibodi, lini ulijaza mafuta mara ya mwisho, lini oili ilibadilishwa na nani aliibadilisha.

Piga picha dashibodi na swichi ikiwa imewashwa. Piga picha kijiti cha oili kama kilivyo. Kisha mwambie kila atakayegusa gari asichomoe betri kabla misimbo ya hitilafu haijasomwa. Kompyuta ya gari huhifadhi picha ya hali ilivyokuwa wakati hitilafu ilipotokea: mwendo, joto la injini, mizunguko kwa dakika. Katika magari mengi kumbukumbu hiyo hufutika umeme ukikatwa, na mashahidi wa aina hiyo ni wachache.

Hatua ya 3: Hakikisha imekufa kweli

Kuna injini nyingi zilizotangazwa zimekufa zikiwa nzima. Sikiliza stata, ila tu kama hakukuwa na maji, taa ya oili, joto kali wala mlio wa chuma kugongana.

Ikitoa "tik" na kunyamaza, anza na betri na vichwa vyake vilivyoota kutu. Ikizungusha kwa mdundo wa kawaida lakini haiwaki, huenda hakuna mafuta, hakuna moto kwenye plagi, au imobilaiza (kinga ya wizi) haijautambua ufunguo. Mkosaji mmoja anayesahaulika ni sensa ya kranki. Ikichakaa hukata ikipata joto, injini inazima barabarani bila onyo, na ikishapoa gari linawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Watu wamefungua injini nzima kwa ajili ya sensa inayoenea kiganjani.

Stata ikizungusha kwa wepesi usio wa kawaida, mlio mmoja laini usio na mdundo, simama hapohapo. Huenda mkanda wa taimingi (unaozifanya valvu zifunguke kwa zamu na pistoni) umekatika, na katika injini nyingi za kisasa pistoni na valvu hupishana kwenye nafasi ileile, kwa hiyo kila mzunguko unaoongeza unapinda valvu nyingine.

Ikigoma kabisa kuzunguka, gia iwe huru, plagi zitolewe, halafu fundi aizungushe kwa mkono kwa spana kwenye boliti ya kranki. Injini iliyokwama plagi zikiwamo, ikazunguka zikitoka na kurusha maji au petroli, ilikuwa imejaa kimiminika. Isipozunguka bado, mkanda wa nje ufunguliwe kwanza, kwa maana kompresa ya kiyoyozi au alteneta iliyoganda inaweza kuishika injini isiyo na tatizo. Kazi yote hiyo haichukui hata asubuhi moja.

Kisha kompyuta. Magari yaliyouzwa Marekani kuanzia modeli za 1996 yana soketi ya OBD-II, ya kuchomekea kifaa cha kusoma misimbo, na yale ya petroli barani Ulaya yalifuata mwaka 2001, kwa hiyo gari lako, kama si la zamani sana, huenda linayo chini ya usukani. P0335 inahusu sensa ya kranki au nyaya zake. P0016 inasema kranki na kamshafti (mhimili unaofungua valvu) hazikubaliani, jambo linaloelekeza kwenye taimingi. P0301 ni silinda ya kwanza kukosa mlipuko. Msimbo unaonyesha pa kupima, si kifaa cha kununua. Fundi akisoma P0335 na kuagiza sensa bila kugusa nyaya, anabahatisha kwa pesa zako.

Hatua ya 4: Vipimo vinavyotenganisha dhana na ukweli

Anza na oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji ya rejeta yameingia. Ikinuka petroli na kuwa nyepesi, mafuta yanavuja ndani. Ikimeremeta kama imemwagiwa vumbi la fedha, beringi zimesagika. Isipokuwepo kabisa kwenye kijiti, pima kiasi kitakachotoka sampu (bakuli la oili chini ya injini) ikimwagwa na ukiandike.

Halafu komprisheni (presha ya hewa pistoni inapoigandamiza), ikiwa injini inazunguka. Injini za petroli zenye afya huwa mara nyingi kati ya psi 120 na 200, na za dizeli huvuka 300. Namba yenyewe iangaliwe kwenye kitabu cha injini hiyo, lakini kinachosema zaidi ni tofauti: silinda dhaifu ikipitwa na nzuri kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, kuna jambo. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, shuku gasketi ya hedi (kizibo kati ya bloku na kichwa cha injini) katikati yake. Zote zikiwa sifuri, shuku taimingi.

Kwenye injini ya petroli, katika silinda iliyo chini, fundi atie oili kidogo kupitia tundu la plagi na kupima tena. Kipimo kikipanda, ringi (pete za pistoni) zimechoka. Kikibaki vilevile, ni valvu au gasketi. Njia ya uhakika zaidi ni kuingiza hewa ya kompresa valvu zikiwa zimefunga, kisha kusikiliza inakotorokea. Ikilia kwenye ekzosti, valvu ya kutolea moshi inavuja. Kwenye bomba la hewa, ni valvu ya kuingizia. Kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi au pistoni. Rejeta ikitoa mapovu, ni gasketi au hedi iliyopasuka. Na hapo bado hakuna boliti hata moja ya hedi iliyoguswa.

Hatua ya 5: Wajulishe wanaoweza kuwajibika kabla ya kufungua

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, na inauma kuliko zote. Mara injini ikifunguliwa, kila anayedaiwa atasema ushahidi umechezewa. Kwa hiyo, kabla ya spana:

Kama gari liko chini ya dhamana ya mtengenezaji au ya muuzaji, andika barua au baruapepe, si simu tu, ukieleza lini, wapi na dalili gani. Tayarisha rekodi za sevisi, maana ndizo zitakazoombwa kwanza. Usikubali upesi jibu la "hukuhudumia kwetu, dhamana imekufa"; soma masharti, kisha uliza kwa maandishi kosa gani la sevisi lilisababisha hitilafu hii.

Kama oili ilibadilishwa karibuni, gereji iliyofanya kazi hiyo ijulishwe na ialikwe kuja kuona. Filta iliyolegea, gasketi ya filta ya zamani iliyonata na kufungiwa mpya juu yake, boliti ya sampu iliyoharibika uzi: haya yote humwaga oili barabarani na kuiua injini baada ya safari fupi. Filta isiguswe hadi ipigwe picha ikiwa mahali pake.

Kama umejaza mafuta muda mfupi kabla, hifadhi risiti na uchukue sampuli kutoka kwenye tangi katika chombo safi cha kioo. Maji yakiwemo yatatua chini yakionekana wazi.

Kuhusu bima, ile kubwa kwa kawaida haigusi uchakavu wala kuharibika kwa mitambo, lakini inaweza kuhusika na mafuriko, moto au jiwe lililotoboa sampu. Siku za kutoa taarifa zimeandikwa kwenye mkataba wako na mara nyingi ni chache. Usiseme uongo kuhusu maji. Mtaalamu wao akiona konrodi iliyopinda na mchanga kwenye chujio la hewa, atajua.

Hatua ya 6: Mkataba wa kufungua

Kufungua ni kazi inayolipiwa hata kama hutatengeneza. Kubalianeni kwa maandishi, kwa awamu, kila awamu na kikomo chake: kwanza kamera ndogo inayoingizwa kwenye tundu la plagi, pili sampu, tatu hedi, nne kushusha injini yote. Baada ya kila awamu kazi isimame, fundi akuonyeshe, nawe uamue.

Karatasi ijibu pia maswali haya ya kuudhi. Nikisitisha, kurudishia kunagharimu kiasi gani? Gari likikaa uani, ada ya maegesho inaanza siku gani? Nani anamiliki vipuri vilivyotoka? Andika kwamba ni vyako na visioshwe kabla ya kupigwa picha. Fundi mwenye usafi wa kupindukia anaweza kukuoshea ushahidi wote kwa petroli, kwa nia njema kabisa.

Kama kiasi kinachobishaniwa ni kikubwa, mlipe mkaguzi ambaye hatatengeneza gari hilo. Anayepata pesa kwa kuuza injini si mtu pekee wa kumuuliza kama unahitaji injini.

Hatua ya 7: Soma vyuma

Hapa ndipo "bila sababu" hupata sababu. Simama karibu na uulize kuhusu mpangilio wa uharibifu, maana mpangilio husema mengi kuliko kipande kimoja.

Beringi zote za kranki zimechubuka, baadhi zimegeuka bluu: injini nzima ilikosa oili. Basi uliza kwa nini. Ilivuja? Pampu ilikufa? Chujio la kunyonyea ndani ya sampu limeziba kwa tope, au kwa gundi nyekundu iliyomenyeka kutoka kwenye gasketi fulani? Gundi ya silikoni iliyopakwa kwa ukarimu huua injini zaidi ya watu wanavyofikiri. Beringi moja tu imekwisha na nyingine zinang'aa: tafuta tundu la oili lililoziba njia yake, au boliti za konrodi hiyo zilizokazwa vibaya.

Pistoni moja imeyeyuka hadi kutoboka: angalia nozeli na plagi ya silinda hiyohiyo. Nozeli ya petroli iliyoziba hupunguza mafuta, mchanganyiko unakuwa mkavu na joto linapanda. Nozeli ya dizeli inayotiririka humwaga moto juu ya pistoni. Zikiyeyuka zote, uchunguzi unahamia kwenye aina ya mafuta, taimingi, au mtu aliyechezea kompyuta kuongeza nguvu.

Konrodi imepinda bila alama ya joto: maji au kimiminika. Kuta za silinda zimekwaruzwa wima na kwenye bomba la hewa kuna vumbi baada ya chujio: hewa ilipita pembeni. Valvu zimepinda: taimingi, na hapo usiishie kwenye mkanda. Huenda uliliwa na oili iliyovuja, au pampu ya maji inayozungushwa nao iliganda na kuukata.

Hedi imepinda na gasketi imeungua: injini ilichemka. Hilo ni tukio, bado si chanzo. Chanzo kiko kwenye feni isiyozunguka, thamostati iliyokwama, rejeta iliyoziba, pampu ya maji iliyokatika mapanga, au kifuniko cha rejeta kisichoshika presha.

Filta ya oili ipasuliwe na karatasi yake ikunjuliwe, na sumaku ipitishwe juu yake. Chuma na chuma cha pua cha aina fulani vitanata. Aluminiamu ya pistoni na tabaka za beringi hazinati; zitazame kwa rangi. Ukihitaji ushahidi wa kupeleka kwa mtu mwingine, maabara ya oili hupima madini kwa viwango vidogo sana. Risasi, shaba na bati huelekeza kwenye beringi, silikoni kwenye vumbi, sodiamu na potasiamu kwenye kulanti (maji ya rejeta). Ikilinganishwa na bei ya injini, gharama ya kipimo hicho ni ndogo.

Fundi aandike sentensi mbili: kilichoharibika, na kilichokiharibu. Akishindwa ya pili, bado hamjamaliza.

Hatua ya 8: Hesabu

Tafuta thamani ya gari lako likiwa zima, kwa bei ambayo watu wanalipa kweli. Tafuta pia thamani yake hivi lilivyo, likiwa limekufa. Tofauti ya hizo mbili ndiyo dari yako. Zima likiwa 100 na bovu likiwa 30, dari ni 70. Humo lazima iingie kazi yote: kuvuta, kupima, kufungua, vipuri, oili, kulanti, maegesho, na nauli zako za siku zote usizokuwa na gari. Mimi huacha theluthi moja ya dari bila kuigusa, maana ovahoo isiyozaa "tumegundua pia" ni nadra.

Kutengeneza sehemu kunafaa uharibifu ukiwa juu peke yake, kama valvu au gasketi. Hedi ipimwe unyoofu na nyufa kabla ya kupigwa skimu (kusawazishwa uso wake kwa mashine). Ovahoo kamili inafaa injini ambayo bloku na kranki bado vinakubali kuchongwa, na fundi aliye na vipimo, si anayepima kwa kidole. Injini iliyotumika ni ya haraka na mara nyingi nafuu, lakini unanunua historia ya mtu mwingine. Idai ipimwe komprisheni mbele yako, chungulia chini ya kifuniko cha valvu kama kuna tope jeusi, linganisha namba ya aina ya injini herufi kwa herufi, na badili mkanda wa taimingi, pampu ya maji na sili ya nyuma ya kranki kabla haijafungwa, wakati bado zinafikika. Dhamana yake mara nyingi hulipa injini tu, si kazi ya kushusha na kupandisha. Uliza hilo kabla ya kulipa. Na kama sheria ya nchi yako inaweka namba ya injini kwenye kadi ya gari, mabadiliko yasajiliwe, la sivyo siku ya kuuza utasumbuka.

Kuuza likiwa bovu si aibu. Gari lililo na chanzo kilichoandikwa na picha zake huuzwa bei nzuri kuliko lenye fumbo.

Hatua ya 9: Usihamishe ugonjwa

Ukiamua kufunga injini nyingine, chukua ile sentensi ya pili ya fundi na uitumie kama orodha. Beringi zilisagika? Kipoza oili na mabomba ya oili ya turbo vibadilishwe. Vipande vya chuma hujificha kwenye vijia vyake, havisafishiki vyote, na vitatoka safari ya kwanza. Turbo lilipasuka? Fungua intakula (kipoza hewa ya turbo) na umwage oili na vipande vilivyotuama. Pistoni iliyeyuka? Nozeli zote zipimwe kwenye mashine kabla hazijarudi. Ilichemka? Rejeta, thamostati, kifuniko na feni viwe vimethibitishwa, si kupulizwa maji ya bomba tu. Vumbi? Mabomba ya hewa na klipu zake. Mafuta mabaya? Tangi lishushwe na lioshwe.

Andika haya kwenye makubaliano ya kazi. Gereji ikikataa kuyafanya lakini inataka kutoa dhamana, soma dhamana hiyo mara mbili.

Hatua ya 10: Siku ya kuwasha na baada yake

Kabla ya mlipuko wa kwanza, injini izungushwe kwa stata ikiwa imekatiwa mafuta mpaka presha ya oili ionekane kwenye geji. Sekunde chache za ukavu baada ya ovahoo zinatosha kuchubua beringi mpya. Mfumo wa maji utolewe hewa, feni isubiriwe mpaka iwake yenyewe, na uondoke na risiti inayotaja kila kipuri.

Kilomita za mwanzo usiilazimishe, wala usiiache ikiunguruma palepale kwa muda mrefu. Angalia oili na kulanti kila asubuhi. Injini iliyofanyiwa ovahoo hubadilishwa oili mapema, kwa kawaida kati ya kilomita 500 na 1,000. Filta hiyo ya kwanza nayo ipasuliwe. Ukiona vipande vya rangi ya shaba, zima gari na uipigie gereji simu siku hiyohiyo, dhamana ikiwa bado hai.